Vifaranga wa Samaki Katika Sufuria la Mtaa

Mamangu alikuwa na samaki aliowajua kwa vidole. Macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu, na sura zetu sisi wanawe alizitambua kwa sauti na kwa namna tunavyoburura ndara, lakini samaki wake aliwajua mmoja mmoja kwa jinsi walivyomdona.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ndani ya kichochoro ambacho wanene wawili wakikutana ni lazima mmoja arudi nyuma. Uani kuna birika la mawe la zamani, kubwa kiasi cha kuzamisha ng'ombe. Maji yake ni ya kisima, yana chumvi kidogo, ni ya kunawia na kuogea, si ya kunywa. Na ndani ya birika, tangu tulipopata akili, huishi samaki. Si wa kuliwa wala si wa pambo. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu, na kwa kazi hiyo hawajawahi kuomba nyongeza ya mshahara.

Kila alfajiri Mama alishuka kutia udhu. Baada ya kuswali alirudi palepale, akakaa juu ya kigoda, akatia vidole vya mkono wa kulia majini. Samaki wakaja kumdonadona.

"Waniamkia," akisema.

Sasa, kaka yangu mkubwa ni mtu mwema ambaye Mungu amemjalia mapenzi makubwa ya vifaa vya ujenzi. Wengine hupenda halua, yeye hupenda saruji. Anakaa Majengo, na kila akija kwetu hupiga kuta makofi kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Miezi miwili kabla ya Ramadhani alikuja na chokaa kupaka kuta za uani. Ngazi ikateleza, ndoo nzima ya chokaa ikaingia birikani. Samaki walielea hata hajamaliza kusema lahaula.

Tuliyamwaga maji yote, tukasugua birika, tukalijaza upya, lakini mbu hawakusubiri arubaini. Baada ya muda mfupi birika lilikuwa limejaa viluwiluwi, na majirani wakaanza kutuuliza habari za nyumbani kwa sauti ya watu waliokosa usingizi. Kaka akatoa fatwa yake: birika lifukiwe kwa saruji, juu yake liwekwe tangi la plastiki.

Mama hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Mama hubishana hata na redio, tena redio ikisoma utabiri wa hewa. Alisema tu, "Mtafanya muonavyo," akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakulizoea.

Siku moja alfajiri nilishuka nikamkuta kwenye kigoda. Vidole vimo majini, kichwa ameinamisha kidogo upande, anangoja. Alijua hakuna kitu mle. Alingoja tu. Nilirudi juu nikalia, halafu nikakasirika, maana kwangu machozi na hasira hukaa chumba kimoja. Nikampigia kaka simu, tukagombana mpaka salio likaisha, nikaongeza, tukaendelea. Mwishowe akasema fundi wake anakuja Jumamosi baada ya Adhuhuri. Akikuta samaki hai birikani, atarudi na mwiko wake. Akikuta maji na mbu, anamimina.

"Na ukiniletea samaki wa bati, nitajua," akasema.

Nikaanza kutafuta samaki hai kwenye kisiwa kilichozungukwa na samaki. Mtu atadhani ni rahisi. Nilikwenda Liwatoni kwa wavuvi, nikauliza kwa adabu kama wanaweza kuniuzia samaki wasiokufa. Walisimamisha kazi. Mmoja akaita wenzake waje wanisikie, nikatakiwa nirudie swali.

"Dada," akasema mkubwa wao, "sisi watulipa kuwatoa ili wafe. Hao wa kuishi waulize wenyewe."

Tena samaki wa bahari wangepata tabu kwenye maji ya kisima yenye chumvi ya kuonjea tu. Nikaulizauliza mpaka nikaelekezwa ng'ambo ya Likoni kwa mzee mmoja wa bara, karani mstaafu, aliyechimba mabwawa nyuma ya nyumba yake akafuga tilapia. Alipokea simu yangu kwa furaha ya mtu ambaye hajaulizwa kitu kwa miaka.

"Madam," akasema, "samaki si mzigo. Samaki ni abiria."

Akanihutubia. Nije asubuhi mapema kabla ya jua kali. Chombo kiwe na mdomo mpana, hewa ipate kuingia. Na la muhimu kupita yote, chombo kisiwe kimeguswa na sabuni, maana mabaki ya sabuni humuua samaki upesi.

Hapo ndipo tulipokwama. Katika nyumba yetu hakuna kitu ambacho hakijaguswa na sabuni. Mama huosha hata kisahani cha sabuni kwa sabuni. Nilizinusa ndoo zote na mabeseni yote, vyote vikanukia usafi wa kuua.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, mke wa huyohuyo kaka. Alikuja Ijumaa kulala kwetu, akasema waziwazi kwamba yeye yuko upande wa samaki, kwa sababu mifuko ya saruji imeshafika chumbani kwake na mmoja amelala nao upande wa ukutani. Wifi yangu ni mwanamke wa miraba minne, sauti yake haihitaji simu, na ulimi wake haukuwekewa mlango. Alikuwa na mafua makali siku zile, macho mekundu, pua inachuruzika, lakini akili ilikuwa nzima.

"Sufuria la mtaa," akasema. "Lasuguliwa kwa jivu na makumbi. Halijaona sabuni tangu lizaliwe."

Masufuria ya mtaa ni yale makubwa ya kupikia pilau, yana masikio mawili, na hutunzwa na bibi mmoja wa kichochoro cha nyuma. Ni ya wote. Lakini hayatoki ovyo. Hutoka kwa harusi au kwa matanga. Harusi hujulikana mwezi mzima kabla, kila mtu ameshashona nguo na ameshagombana na fundi cherehani. Kwa hiyo sufuria likitoka ghafla, mapema asubuhi, mtaani hakuna harusi, watu huelewa. Na wakielewa hawaulizi. Mwenye jambo huachwa aseme mwenyewe wakati wake, wao huanza tu kukunjua majamvi. Haya yote nayajua tangu utotoni. Wifi pia anayajua. Lakini Jumamosi ile akili zetu zilikuwa zimeshavuka Likoni, miguu ndiyo iliyobaki kisiwani.

Basi mara baada ya alfajiri tukabisha hodi kwa yule bibi. Nikasema tunaomba sufuria kubwa. Wifi nyuma yangu anafuta macho na kupenga kamasi. Bibi alitutazama, akatia mkono kifuani, akaenda kulitoa sufuria mwenyewe. Kisha akanishika mkono, akaushika kwa muda mrefu.

"Mungu awape subira, mwanangu."

"Amin," nikasema. "Twaihitaji." Nilikuwa namfikiria kaka.

Kule ng'ambo, mzee wa samaki alikuwa ametungoja amevaa tai. Akalinusa sufuria, akalipapasa ndani, akaridhika. Akasema abiria wake hawajala tangu jana, wasije wakachafua maji njiani.

"Kama watoto wa basi la safari ndefu," akasema wifi.

"Exactly," akasema mzee, naye akampenda wifi tangu hapo.

Akatia maji ya bwawani, nusu ya sufuria tu, ya kijani kibichi kama mchuzi wa mchicha. Akawachota vifaranga kwa wavu, wadogo wa kiasi cha kidole, wenye mistari ubavuni, akawateremsha taratibu. Akanionyesha la kufanya njiani: nichote maji kwa kata aliyoniazima, niinue juu, niyamimine tena, yapate hewa. Halafu akanyanyua kidole.

"Mkifika, msiwamwage! Mgeni haingizwi chumbani moja kwa moja. Anakalishwa sebuleni kwanza. Maji yenu yana chumvi?"

"Kidogo."

"Basi muwaongezee maji yenu kidogo kidogo kwenye sufuria, mpaka wazoee. Ndiyo muwaingize."

Mdomo wa sufuria tukaufunga kwa leso mpya ya Mama, ambayo haijaona sabuni, aliyonipa mwenyewe usiku uliopita, iliyoandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Tukaacha pembe moja wazi ya kupitishia kata. Tukashika sikio moja kila mtu, tukarudi Feri.

Kwenye kivuko tuliliweka sufuria chini kati yetu, mimi nikaanza kazi yangu. Nachota, nainua, namimina. Nachota, nainua, namimina. Sikufikiria jinsi nionekanavyo mpaka kijana mmoja aliponinyooshea sarafu.

"Nipimie."

"Nikupimie nini?"

"Hiyo juisi. Ya mabungo?"

"Si juisi."

"Wacha maringo, dada, koo lakauka."

Nyuma yake mwingine ameshapanga foleni, na nyuma ya huyo mama mmoja na chupa yake tupu. Watu wa Feri wakiona foleni hujiunga kwanza, kisha huuliza ya nini. Nikasema tena kwamba si juisi. Yule wa pili akachungulia ile rangi ya kijani, akawageukia wenzake.

"Ni dawa hiyo. Mwarobaini." Kisha kwangu: "Yatibu nini?"

"Ujinga," akasema wifi.

"Basi nipe vikombe viwili, kimoja nimpelekee bosi."

Nilipandwa na hasira. Nikanyanyua leso ili waone wenyewe, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu na samaki nao walitaka kuona. Mmoja aliruka, akapiga ukingo wa sufuria kwa mkia, akaanguka sakafuni, akaanza kurukaruka kati ya viatu vya watu. Mayowe yakatoka. Watu waliokulia pwani, wanaokula samaki mara mbili kwa siku, wakakimbia kutoka kwa samaki wa kiasi cha kidole. Mwanamke mmoja alipanda juu ya gunia la mtu. Aliyeokoa jahazi ni mzee mwenye kanzu, aliyevua kofia yake ya vito, iliyotariziwa kwa mkono, akaipiga juu ya samaki kama anayefunika panzi, akamzoa, akatuletea.

Tulimshukuru kwa dua ndefu. Akamtazama samaki ndani ya kofia kabla ya kumtia sufuriani.

"Tilapia?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Nimeharibu kofia yangu kwa samaki wa tope." Akaikamua, akaivaa, akasimama mbali nasi mpaka tukatia nanga.

Tulipanda tuktuk. Dereva alituahidi kwenda polepole, na nadhani kweli alikusudia, lakini matuta nayo yalikuwa na makusudi yao. Simu yangu ililia ndani ya mkoba njia nzima. Sikuweza kuipokea, mikono miwili ilikuwa inazuia maji. Nikasema na ilie tu. Tuliposhuka mwanzo wa vichochoro nilichungulia ndani: wawili wamegeuka ubavu, tumbo jeupe juu. Moyo wangu uliuma kweli. Lakini waliobaki walikuwa wakizunguka, midomo inafunguka na kufungika.

Tukalishika sufuria kwa masikio, tukaingia mtaani.

Wa kwanza kutuona alikuwa shangazi mmoja wa jirani, amekaa barazani. Akasimama mara moja.

"Makiwa, mwanangu," akasema, machozi yanamlengalenga. "Makiwa."

Niliguswa. Nilidhani habari za samaki wetu zimemfikia. "Ahsante, shangazi. Wamekufa wawili tu."

"Wawili!"

"Mmoja nadhani ni Feri, mwingine kwenye tuktuk. Lakini waliobaki ni wazima, alhamdulillahi."

Alikaa chini kama aliyekatwa miguu. Tukaendelea.

"Huyu bibi apenda samaki," akasema wifi.

Mbele kidogo wanaume waliokuwa wakinywa kahawa walisimama wote. Wawili wakaja mbio, wakalichukua sufuria mikononi mwetu.

"Leteni, leteni. Nyinyi wafiwa hambebi."

Nilisikia neno "wafiwa" lakini halikuingia, maana jicho langu lilikuwa kwenye maji. "Polepole!" nikapiga kelele. "Yatamwagika!"

"Halimwagiki," akasema mmoja, na tayari lilikuwa limemlowesha kikoi.

Walikuwa wepesi wa miguu, sisi tumechoka. Tulipopinda kona ya mwisho nikaona majamvi yametandikwa kichochoro kizima. Wanaume wamekaa wameinamisha vichwa. Madeli ya kahawa yamepangwa. Mlango wetu uko wazi, na ndani, uani kwetu, wanawake wamejaa mpaka ngazini. Kwa muda mfupi, mfupi sana lakini naukumbuka hadi leo, na mimi niliamini. Nilisahau samaki. Niliona kigoda cha Mama kando ya birika, kitupu.

Halafu nikaona mafiga. Walikuwa wamekoka moto mkubwa uani, wa kupikia wali wa watu, na wale wanaume wawili wakalitua sufuria letu juu yake. Sufuria la mtaa, limefunikwa leso, lina maji: mahali pake ni wapi tena kama si motoni?

"Toeni!" nikapiga ukelele. "Muwatoe! Wataungua! Wako hai!"

Wanawake wanne wakanikumbatia kwa pamoja. "Lia, mwanangu. Lia, usijizuie."

"Silii! Wako hai, nawaambia!"

"Ndivyo tunavyoona sote," akasema mmoja akinipapasa mgongo. "Mtu huona bado yu hai."

Wifi alijaribu kupenya kwenda motoni. Naye, kwa macho yake yale mekundu, wakamkamata watatu. Alikuwa akisema "Samaki! Samaki!" na wao wakimjibu kwamba marehemu alikuwa akiwapenda sana, wanajua, wanajua.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwenye jamvi la ukutani.

"Toeni sufuria motoni, nyinyi! Mna wazimu? Mutawachemsha wageni wangu!"

Vichwa vyote vikageuka. Kisha mayowe. Bibi mtunza masufuria alizirai, au alikaa vibaya, hatukukubaliana. Kwenye jamvi, kati ya waombolezaji, Mama alikuwa akijizoazoa ainuke, amejitanda leso kichwani kama wenzake.

Alitueleza baadaye, na amelieleza mara nyingi tangu hapo kwa yeyote asiyeharakia kuondoka. Alikuwa amelala. Aliposikia watu uani alijua kuna matanga kwa jirani, akajitanda, akashuka, akakaa nyuma kama inavyostahiki. Macho yenyewe hayaoni vizuri, na waliokuwa wakimlilia wametazama mbele. Akamuuliza bibi aliyekuwa karibu yake, mwenye macho mabovu kama yake, ni nani aliyetutoka. Akajibiwa, mwenye nyumba hii.

"Nikanyamaza," Mama husema. "Nikataka kusikia."

Alisikia kwamba alikuwa karimu. Alisikia kwamba biriani lake halikuwa na mfano, ila lilikuwa likizidi pilipili. Akamuuliza tena yule bibi, "Na tabia yake?" Akaambiwa, "Mkali kidogo, Mungu amrehemu." Walikuwa wanaingia kwenye habari za ujana wake, mahali alipotaka hasa kufika, ndipo akanisikia nikipiga kelele kuhusu moto. Ningekuwa mimi ningengoja kidogo. Yeye aliacha sifa zake zote pale jamvini akasimama kwa ajili ya samaki ambao hajawaona.

Sufuria liliondolewa na watu kumi kwa pamoja. Nikatia mkono: vuguvugu chini, lakini juu bado pa baridi, na vifaranga wamejibana kando wote upande mmoja. Hai. Nikaketi chini kwenye jivu, nikacheka na kulia, na safari hii hakuna aliyethubutu kunikumbatia.

Waombolezaji walikuwa na aibu isiyo na pa kwenda, na mtu mwenye aibu hupenda kupewa kazi. Nikawapa. Nikawaeleza kwamba maji ya birika yana chumvi, hawa wamezoea maji baridi ya bwawani, lazima yaongezwe kidogo kidogo. Basi wakapokezana kata. Kila mmoja alichota birikani, akamimina sufuriani polepole huku akimwomba Mama radhi, na Mama anajibu, "Si neno, si neno, na wewe ndiye uliyesema pilipili?" Watu walikuwa wengi, radhi zilikuwa ndefu. Yule mzee wa tai mwenyewe asingewakalisha sebuleni zaidi ya hapo.

Tukiwa katikati ya hayo, kaka akaingia.

Alikuwa amekuja mbio kutoka Majengo, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kilipo. Ndiye aliyekuwa akinipigia simu ile. Alimpita Mama hata asimwone, akaenda moja kwa moja hadi kando ya birika, akapiga magoti, akakikumbatia kile kigoda kitupu. Sijawahi kumsikia kaka yangu akilia. Ni sauti ya mtoto. Mtu mzima, mwenye ndevu, anakililia kigoda.

"Ningeliacha," alikuwa akisema. "Ningeliacha birika, Mama. Ningeliacha."

Mama akamwendea nyuma, akipapasa ukuta.

"Wewe. Wamlilia nani hapo?"

Aligeuka. Sitaki kueleza uso wake, ni wake mwenyewe. Alimshika Mama miguu, na Mama akamshika kichwa, akamwambia avae kiatu. Ugomvi wote niliokuwa nimeuweka akiba juu yake, na ulikuwa mwingi, uliniishia palepale.

Mlangoni akatokea fundi, nyuma yake mkokoteni wenye mfuko wa saruji, kokoto na mchanga. Alikuwa amekuja kwa wakati kama alivyoahidi, yeye peke yake siku ile asiyejua kitu. Akatazama majamvi, akatazama watu waliolia na waliocheka.

"Salaam aleikum," akasema. "Nimimine wapi?"

Watu wakaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika. Kaka alikuwa anachungulia sufuriani, na Mama ndiye aliyesema fundi asirudi bure: amjengee kibao cha kukalia hapa kando ya birika, kigoda chamuumiza magoti. Vifaranga tukawateremsha birikani wakati fundi anakoroga. Wakazama, wakapotea gizani chini. Mama akatia vidole, akangoja. Hakuna aliyekuja.

"Wamechoka safari," akasema, lakini aliviacha vidole mle muda mrefu.

Sufuria lilisuguliwa jivu, likarudishwa motoni na kupikiwa wali, maana mchele ulikuwa umeshaoshwa na watu wana njaa. Mama alikula kwenye matanga yake mwenyewe. Alisema wali umepungua chumvi.

Fundi alituonya kibao kisikaliwe mpaka kikauke. Alfajiri iliyofuata niliamshwa na kicheko kutoka uani. Nilishuka nimekasirika, tayari kusema, nikamkuta Mama ameketi juu ya saruji mbichi kama sultani, mkono majini.

"Hawa wa bara hawaamkii," akaniambia. "Wauma!" Akacheka tena, akachovya vidole zaidi.

Mahali alipokaa saruji ilibonyea, ikakauka hivyohivyo, na shimo la makalio ya Mama liko pale mpaka leo. Kaka alipokuja mwisho wa wiki aliliona, akaguna, akatoa mwiko mfukoni, maana huwa anatembea nao. Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, nimeshachagua maneno ya kumrukia nayo. Akalipapasa lile shimo kwa kiganja, pande zote, kama anayepima. Kisha akaurudisha mwiko mfukoni, akatazama huku na huku, akakaa ndani yake. Akatia vidole majini, akangoja, nami nikarudi nyuma polepole bila kuburura ndara, asije akajua kwamba yuko mtu.